Sifuri Iliyomaanisha Milele

Kazini walimwita Bi Mipangilio, na jina hilo alilichuma kwenye ugomvi.

Alikuwa mtunza seva wa kituo cha redio, mwanamke wa makamo, mfupi, msemaji wa sauti ya chini, mwenye sweta la kijivu asilolivua hata jua likipasua mawe, kwa sababu chumba chake kilipozwa mchana na usiku ili mashine zisichemke. Wenzake walilipwa kwa kusema. Yeye alilipwa ili kilichosemwa kisipotee. Kila neno lililotoka studio lilipita kwenye waya, likaingia chumbani kwake, likalala.

Ugomvi ulihusu faili moja, faili ya mipangilio. Ukiifungua ulikuta mistari tu, kila mstari una jina, alama ya sawasawa, kisha thamani: matangazo yawekwe wapi, yakatwe vipande vya urefu gani, yapewe majina gani. Programu ya kuhifadhi matangazo ilipoamka iliisoma faili hiyo kutoka juu hadi chini, kama mpangaji mpya anayesoma masharti ya mwenye nyumba. Katikati ya mistari hiyo Bi Mipangilio aliandika maelezo yake, akiyatanguliza kwa alama ya reli, ile ya mistari miwili inayokatizwa na mingine miwili. Mashine ikiiona alama hiyo huruka mstari mzima. Maelezo hayo hayakuwa ya mashine, yalikuwa ya watu. Juu kabisa aliandika: "Usiguse bila kuniuliza." Na kwa kuwa kuna mtu aliwahi kugusa bila kumwuliza, redio ikawa bubu asubuhi nzima, chini yake aliongeza: "Nimesema usiguse."

"Hii si faili, hili ni kaburi la babu," Fundi Mitambo alisema siku alipoyaona. "Mtu akipita hapa inabidi avue kofia."

"Basi vua," Bi Mipangilio alimjibu.

Fundi Mitambo ndiye aliyekuwa mwangalizi wa mnara wa kurushia matangazo, mzee mrefu aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na kofia yake ya kitambaa ilikuwa imekaa kichwani miaka mingi hata ikachukua umbo la kichwa. Alimwita Bi Mipangilio "mwanangu" na alimwogopa kidogo. Mambo ya seva alijifunza uzeeni, kwa kusimama nyuma ya kiti chake na kuuliza.

Bi Mipangilio ndiye aliyemfundisha kuhusu maneno ya mlangoni. Vitabu vya kazi huyaita vigezo vya mazingira, lakini yeye alipenda kueleza kwa lugha ya nyumbani. "Programu haisikilizi faili peke yake, mzee wangu. Kabla haijafungua faili, mashine inayoiamsha inaweza kuinong'oneza jambo mlangoni. Na kama faili inasema hivi, na neno la mlangoni linasema vile, inafuata la mlangoni."

"Kama mume aliyeambiwa na mama mtu kabla hajaingia kwa mkewe."

"Kama huyo. Na inasikia mara moja tu, wakati wa kuamka. Ikishaamka, hata upige tarumbeta haisikii. Mpaka uilaze, uiamshe tena."

"Sasa wewe utajuaje imefuata lipi?"

"Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanafungua faili, wanaona imeandikwa vizuri, wanaenda kunywa chai. Usiulize faili. Faili inajua kilichoandikwa tu. Iulize programu yenyewe, ikuambie inafuata nini."

Aliisema kanuni hiyo mara nyingi hata wenzake wakaifanyia wimbo. Meneja akikosea tarehe ya kikao, mtu alisema kutoka pembeni, "Usiulize faili, bosi," na watu wakacheka.

*

Nyumbani aliishi na mama yake na wifi yake, mke wa kaka yake aliyekuwa mbali kikazi. Mama alikuwa amefanya kazi ya ufundi cherehani maisha yake yote, na macho yalipochoka akaihamishia bidii yake kwenye redio. Kila asubuhi, taarifa ya habari ya kwanza ikiisha, alipiga simu kituoni kutega kitendawili. Hakumwambia mtu huko kwamba binti yake anafanya kazi ndani ya jengo hilo hilo, ng'ambo ya ukuta. Alisema hataki kupendelewa. Hewani alijulikana kama Mama Alfajiri.

Akisubiri simu ipokelewe, aliinua kidole kimoja juu. Nyumba nzima ilikijua kidole hicho. Bomba lilifungwa, sufuria liliwekwa chini polepole, wifi aliacha kufagia na kusimama na ufagio wake kama askari wa zamu.

"Kitendawili," Mama alisema.

"Tega," mtangazaji wa asubuhi alijibu.

"Mgeni wangu haingii mpaka nimfungulie, wala haondoki mpaka nimfunge."

Mtangazaji alijaribu bahati yake. "Ni shemeji yangu huyo, Mama Alfajiri?"

"Shemeji yako anaondoka mwenyewe, chakula kikiisha. Nipe mji."

Akapewa mji, kama ilivyo ada ya vitendawili, akakaa huko mjini kwa maneno marefu, akala, akanywa, akasalimia watu, ndipo akatoa jibu: maji ya bomba. Na Bi Mipangilio, ng'ambo ya ukuta, alitazama mstari wa kijani ukipanda na kushuka kwenye kioo cha seva yake, milima na mabonde, akajua: huyu ni Mama, anaingia, analala.

Hakuwahi kumrekodi. Kwa nini amrekodi? Mtu anayeishi kisimani hachoti maji ya akiba. Simu ya Mama yenyewe ilikuwa ile ndogo ya vitufe na tochi, isiyojua kutuma ujumbe wa sauti.

Kisha kiharusi kikaja asubuhi moja, wakati Mama amekaa kitandani akivaa viatu. Kilimwachia mguu wa kushoto, mkono wa kushoto, macho na akili yake yote. Kilichukua upande wa kulia, na kilichukua maneno. Alielewa kila kitu. Ukimtania alicheka kwa upande mmoja wa uso. Lakini akitaka kusema, ilitoka sauti moja fupi, kama mtu anayebisha hodi kisha akakumbuka kwamba nyumba ilibomolewa. Baada ya muda aliacha hata kubisha.

Miezi ilipita. Walirudi hospitali, wakatoka, wakarudi tena na Mama akalazwa wiki nzima, naye Bi Mipangilio akaomba ruhusa akalala kwenye kiti kando yake. Katika safari hiyo ya mwisho, mtaalamu wa usemi, mwanamke mwenye subira ya mshona shanga, alimwuliza kama kuna mahali sauti ya mama yake imehifadhiwa.

"Siahidi kitu," alisema. "Lakini kila dawa niliyonayo nimeshaijaribu. Akijisikia mwenyewe, maneno yake mwenyewe, huenda ulimi ukakumbuka njia. Huenda."

Bi Mipangilio alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliinama sikioni mwa Mama. "Wewe unalala kazini kwangu, Mama. Asubuhi zako zote. Nitakuletea uzisikie."

Mama alimtazama. Kisha akainua kidole cha mkono wa kushoto, ule mzima, juu, kama zamani. Na chumba kizima cha wagonjwa kikanyamaza bila kujua kwa nini.

*

Siku aliyorudi kazini, Meneja alimwita. Alikuwa mtu wa haraka, si mtu mbaya.

"Diski imejaa, Bi Mipangilio. Na mashine mpya mwaka huu tusahau. Tutafuta za zamani, tubaki na siku tisini. Nani atasikiliza hali ya hewa ya mwaka juzi?"

"Mama yangu yumo humo, bosi."

"Mama yako yupi?"

"Mama Alfajiri."

Meneja aliweka kalamu chini. "Yule ni mama yako? Miaka yote hii?" Alitikisa kichwa. "Mke wangu alikuwa hatoki nyumbani bila kusikia jibu lake. Sasa sikiliza. Mpaka mwisho wa mwezi. Mtoe mama, halafu tufute. Ulipokuwa hospitali nilimwambia Fundi ashughulikie, sijui alifikia wapi. Kaangalie mwenyewe."

Alikwenda kuangalia. Aliifungua faili yake na kuikuta kama alivyoiacha, hata nukta haijahama. Fundi hajagusa, alijiambia, akatabasamu. Alijaribu kumpigia, lakini Fundi alikuwa juu ya kilima kwenye mnara, na huko simu haishiki. Basi akaandika mstari mpya, wa siku za kuhifadhi, na mbele ya alama ya sawasawa akaweka sifuri. Katika programu ile sifuri haikuwa na maana ya kutokuwa na kitu. Ilimaanisha usifute kamwe. Aliyeitengeneza aliona hivyo: asiyehesabu siku, huyo anaweka milele. Chini yake akaandika kwa alama ya reli: "Sauti ya Mama imo humu. Msiguse, tafadhali." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika tafadhali kwenye faili ile.

Alisubiri upenyo kati ya habari na muziki, akailaza programu, akaiamsha. Taa zilipepesa, mstari wa kijani ukaanza kupanda na kushuka tena. Alikuwa amebakiza jambo moja tu, kuiuliza programu inafuata nini, na mikono ilikuwa tayari juu ya vitufe wakati simu ilipolia.

"Wifi, njoo," sauti ya wifi yake ilisema. "Mama kaanguka bafuni."

Alichukua mkoba, akatoka na sweta lake mwilini.

Mama hakuvunjika. Alipata uvimbe kwenye paji la uso na aibu kubwa machoni. Walimpaka dawa, wakamlaza, wifi akaketi mlangoni na kulia kwa hasira kwamba alikuwa amegeuka kidogo tu, kidogo tu, kuzima jiko. Bi Mipangilio alimbembeleza huyu na kumbembeleza yule. Kesho yake alipoingia kazini, redio ilikuwa inasema, mashine zinavuma, faili ipo na sifuri yake. Swali ambalo hakuliuliza lilikuwa limemtoka kichwani, kama kijiko kinavyodondoka nyuma ya kabati bila mlio. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Yeye aliyewaimbia watu wimbo wa kuiuliza programu, siku ya kuuimba kwa ajili ya mama yake aliondoka kabla ya ubeti wa mwisho.

Siku zile zilikuwa nzuri. Tunazitaja kwa sababu hazikuwa nyingi. Jioni alipofika nyumbani, Mama alimtazama mikononi kwanza, kisha usoni, na yeye alisema, "Bado, Mama. Wiki ijayo nitapewa nafasi ya kukaa nazo vizuri. Nataka nianzie mwanzo, siku ile ya kwanza ulipotetemeka ukasahau jibu." Rekodi hazikuwa na majina ya watu. Zilikuwa tarehe na saa tu, mfululizo mrefu wa habari, muziki na matangazo ya biashara, na ndani yake, mahali fulani, dakika za Mama. Kuzitafuta kulitaka kusikiliza, na hakutaka kusikiliza kwa pupa. Haraka haraka haina baraka, alimwambia wifi.

"Na ukiniletea, usilete ile aliyonisema hewani," wifi alisema, akimlisha Mama uji kwa kijiko kidogo. "Eti nina mkono mzito wa chumvi. Nchi nzima ikajua."

Mama alicheka upande mmoja, uji ukamtoka.

"Cheka," wifi alisema, akimpangusa. "Siku ulimi ukirudi nitakujibu yote."

*

Jumatatu, Meneja alikuja chumba cha seva na vikombe viwili vya chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilidhani utanisumbua hadi mwisho wa mwezi," alisema. "Hongera. Diski imepumua."

"Imepumua vipi?"

"Robo tatu tupu. Nimeona asubuhi hii." Alimwekea kikombe kando. "Mama umeshamtoa, basi."

Bi Mipangilio alikuwa amegeukia kioo. Aliifungua faili ya mipangilio na kusoma: siku za kuhifadhi, sifuri. Akaisoma tena, akiweka kidole juu ya kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Sifuri. Kisha akafanya kile alichowafundisha wote. Aliandika amri fupi ya kuiuliza programu inafuata nini, na programu, ambayo haina ubaya na mtu, ikamjibu papo hapo: siku za kuhifadhi, tisini.

Faili ilisema milele. Programu ilisema tisini. Yeye alikaa katikati, na chai ikapoa.

Programu ilikuwa na zamu ya usafi kila Jumapili. Jana ilikuwa Jumapili. Alifungua ghala la rekodi, akashuka na orodha, na orodha ikakatika mahali ambapo zamani alikuwa anashuka hadi kidole kinachoka. Zaidi ya siku tisini nyuma hapakuwa na kitu. Mama alikuwa ameugua kabla ya hapo, muda mrefu kabla.

Alikumbuka nakala ya akiba. Alikimbilia diski ya pili, kwenye kabati la korido, ingawa miguu yake ilijua kabla yake. Diski hiyo ilikuwa ya kufuata ya kwanza kama kivuli: kilichoongezwa huku kiliongezwa kule, na kilichofutwa huku kilifutwa kule alfajiri iliyofuata. Yeye ndiye aliyeipanga hivyo, kwa ajili ya nafasi.

Ndipo alipoifungua faili ya kuamshia, ile ambayo mashine huisoma kabla ya kuiita programu. Hakuna aliyeifungua mara kwa mara. Mwishoni mwake ulikuwepo mstari mmoja mpya, umeandikwa kwa usafi, bila kosa hata moja. Neno la mlangoni. Tisini.

Fundi Mitambo alirudi kutoka kilimani mchana, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alimkuta amekaa, hajavaa sweta.

"Mwanangu, hutasikia baridi?"

"Fundi. Uligusa?"

"Faili yako?" Aliinua mikono yote miwili. "Hata kwa ncha ya ukucha. Mungu ni shahidi."

"Ya kuamshia."

"Aa. Hiyo, ndiyo." Alitulia, hata akafurahi kidogo kwamba imeonekana. "Meneja alinibana, anataka siku tisini, anataka leo leo. Nikasema, mwenyewe yuko hospitali na mgonjwa, nimpigie kwa ajili ya tarakimu? Na faili yake ina onyo mara mbili. Nikaona niiache kama ilivyo, nipitie mlangoni, kama ulivyonifundisha. Na sikuizima programu, mwanangu, maana kulikuwa na matangazo ya moja kwa moja. Nikasema haidhuru, itasikia siku itakayoamka."

"Imeamka."

"Nani kaiamsha?"

"Mimi," Bi Mipangilio alisema. "Nimeweka sifuri, nikailaza nikaiamsha ili isikie sifuri yangu."

Mzee alisimama. Alitazama kioo, akamtazama yeye, na ungeweza kuona jambo likimwingia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Alikuwa amemheshimu. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, halikuwapo lingine. Laiti angekuwa mjeuri, laiti angeifungua ile faili akaandika tisini kwenye uso wake, Bi Mipangilio angeiona siku ile ile na kuifuta.

"Mama?" aliuliza.

Bi Mipangilio alimwonyesha orodha ilipokatika. Fundi Mitambo akavua kofia. Alisimama nayo mikononi, kichwa chake cheupe kikiwa wazi mbele ya mashine, na ubaridi wa chumba ukampuliza nywele chache zilizobaki.

"Ungenipigia tu," alisema Bi Mipangilio, bila hasira. "Mzee wangu. Ungenipigia tu."

"Nilikuonea huruma," alisema.

*

Alijaribu. Mtu wa kazi hakubali kwa kuambiwa. Zipo njia za kuchimbua vilivyofutwa, kama mtu anavyochekecha majivu kutafuta pete, na alizipitia zote, siku baada ya siku, huku Meneja akipita mlangoni bila kuingia. Lakini redio hailali. Tangu Jumapili ile seva ilikuwa inapokea matangazo mapya na kuyalaza juu ya yale ya zamani, habari juu ya Mama, muziki juu ya Mama, bei ya saruji juu ya Mama. Alichokipata ni majina ya rekodi, mamia, kila moja na tarehe yake na saa yake. Alipozifungua zilikuwa tupu, au zilikuwa na mvumo mmoja usiobadilika, kama ukiweka sikio kwenye ukuta. Baadhi alizisikiliza hadi mwisho.

Mtangazaji wa asubuhi alikuja siku ya nne, amejua habari kutoka kwa Fundi. Alikuwa mtu wa mizaha, na sasa hakuwa nayo, na bila mizaha alionekana mfupi.

"Mama Alfajiri alipoacha kupiga, niliwahi kumwita hewani," alisema. "Si zamani sana. Nilisema tu, popote ulipo. Labda hiyo haijafutika."

Haikuwa imefutika. Waliitafuta pamoja, wakaipata ukingoni kabisa mwa zile siku tisini, na Jumapili inayofuata nayo ingefagiwa. Aliikata, akaiweka kwenye simu yake. Kisha akaifungua faili ya kuamshia, akaufuta mstari wa Fundi, akailaza programu na kuiamsha, na safari hii akaiuliza. Sifuri, ilijibu. Tangu hapo ingehifadhi kila kitu, daima.

Jioni ile Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake, mto umewekwa ubavu wa kulia ili asiinamie upande. Wifi alikuwa jikoni. Mama alimtazama mikononi, kama kawaida, akaona simu imeshikwa tofauti na siku nyingine. Macho yakafunguka.

Bi Mipangilio alipiga magoti. Njiani alikuwa amepanga maneno: Mama, nisikilize, zako zimefutika, nimepata hii tu. Alikuwa ameyasema kwenye ngazi, yakatoka vizuri. Sasa alifungua mdomo na ikatoka sauti moja fupi, ya kubisha hodi. Kidole chake kiligusa kioo kabla ya ulimi wake kupata njia.

Muziki wa kipindi ulilia kidogo, ukashuka. Sauti ya mtangazaji ikajaza chumba.

"Wasikilizaji, kuna mtu asubuhi zetu zinamdai. Mama Alfajiri, popote ulipo, kama unanisikia. Mimi niko tayari. Tega."

Mama aliinua kidole.

Bomba la jikoni likafungwa. Wifi akatokea mlangoni na sahani yenye povu, akasimama. Kwenye simu mtangazaji alikuwa amenyamaza, akiacha nafasi kama alivyomwachia miaka yote, na katika nafasi hiyo Mama aliinamisha kichwa mbele, upande mzima wa uso ukitabasamu, akijisubiri. Midomo yake ilisogea kidogo, kama ya mtu anayemsaidia mwenzake kuanza.

Ukaja wimbo.

Mama alisikiliza wimbo kwa muda, akidhani atatokea baada yake. Wimbo ukaisha, na rekodi ikaishia hapo. Alimtazama binti yake. Kisha, kwa mkono wa kushoto, aligonga simu mara moja, kwa upole: tena.

Bi Mipangilio akairudisha. "Mimi niko tayari," mtangazaji alisema. "Tega."

Na Mama akainua kidole, ili nyumba isimkatize.